Castleton: jinsi ya kwenda kijijini Uingereza na kupita shambani kwa watu bila kupiga hodi

Geti la mbao, kondoo kama thelathini upande wa pili, na kwenye nguzo kibao kidogo chenye mshale wa njano. Shangazi yangu, aliyekuja Leicester kutoka Tanga kumwona mjukuu, alisimama pale akakataa katakata. "Hili shamba la mtu, mwanangu. Mwenyewe akitukuta tutamwambia nini?" Nikamweleza kuwa mshale ule ndio ruhusa yenyewe. Akautazama, akautazama na mlango wa nyumba ya mawe kule mbali, kisha akaita "Hodi!" kwa sauti ya uani. Kondoo mmoja akainua kichwa. Ndipo tukapita.

Tangu siku ile nimewapeleka wageni wengi Castleton, na nimeona kwamba kinachowazuia wengi wetu kwenda vijijini huku si nauli wala baridi. Ni hisia kwamba kule ni kwa wenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya miji ya Uingereza, au mgeni aliyekuja kutembelea ndugu na amechoka kuzungushwa madukani.

Castleton kimo jimbo la Derbyshire, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza kutangazwa Uingereza. Usifikirie Mikumi: humu hamna simba, na watu wanaishi, wanafuga na kulima ndani ya hifadhi. Nakipenda kijiji hiki kwa sababu kila kitu kinafikika kwa miguu: ngome kilimani, mapango manne, korongo, na mlima unaobomoka.

Kwanza: chagua siku, na uelewane na wenzako kuhusu saa

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hata ukichelewa hulazimiki kukimbia. Desemba ni kinyume: kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama, na anayeanza kupanda mlima baada ya adhuhuri atashuka kwa kupapasa. Lakini Desemba kijiji nacho hupambwa kwa taa na miti ya Krismasi juu ya milango ya maduka, basi ukija wakati huo njoo kwa ajili ya kijiji na mapango, mlima uuache.

Ukiweza, njoo tarehe 29 Mei. Siku hiyo mtu anayeitwa mfalme hupanda farasi akiwa amevishwa kengele kubwa ya maua kuanzia kichwani hadi kiunoni, huoni uso wake, akazungushwa kijijini kwa muziki. Mwishoni kengele ile huvutwa kwa kamba hadi juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Edmund, ikaachwa huko inyauke. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili, sherehe hufanyika Jumamosi.

Siku za kawaida ni bora kuliko mwisho wa wiki. Jumapili ya jua barabara hujaa magari mpaka unatamani ungebaki nyumbani.

Sasa suala la saa, na usicheke. Ratiba za treni huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Mwaka ule nilimwambia shangazi kwa simu, "Treni ni saa tatu, uwe tayari." Akamwambia binamu yangu aliyezaliwa huku, naye kwa Kiswahili chake cha Leicester akaelewa saa tisa alasiri. Nilisubiri stesheni hadi chai yangu ikapoa, treni ikaenda. Andika 09:00 kwenye ujumbe, hakuna atakayebishana.

Pili: safari

Stesheni ya kijiji inaitwa Hope, yaani Tumaini, kwenye reli ya Sheffield na Manchester. Kutoka Sheffield ni kama nusu saa. Kutoka Manchester Piccadilly hesabu karibu saa nzima. Wa London hupanda treni ya Sheffield kituo cha St Pancras, safari ya kama saa mbili, halafu anabadilisha. Wa Leicester naye hupitia Sheffield. Zinazosimama Hope ni treni za polepole tu. Zile za haraka hupita bila kusimama, kwa hiyo soma ubao vizuri kabla ya kupanda. Tiketi ya safari ndefu ikinunuliwa wiki kadhaa mapema huwa nafuu sana kuliko ya siku ile ile.

Kutoka stesheni hadi Castleton ni karibu kilomita nne. Kuna basi, na pia basi namba 272 hutoka moja kwa moja Sheffield hadi kijijini, lakini hakikisha ratiba siku moja kabla, kwani ya Jumapili si sawa na ya Jumatatu. Mimi hupenda kutembea. Unapita kijiji cha Hope, kisha unafuata njia ya miguu kandokando ya kijito kiitwacho Peakshole Water, kati ya malisho. Bomba refu la moshi utakaloliona kushoto ni la kiwanda cha saruji. Wageni wengi hushangaa kukuta kiwanda ndani ya hifadhi, ila kilikuwepo tangu 1929, kabla ya hifadhi yenyewe. Shangazi alilitazama akasema, "Kumbe Tanga tu." Naye hakukosea: mawe ni ya chokaa huku, kama ya Amboni, na penye mawe ya chokaa hukosi saruji na mapango.

Tatu: vaa na beba

Buti zenye meno ni muhimu kuliko koti la bei mbaya. Jinzi iache, ikilowa huwa nzito na baridi mpaka jioni. Vaa nguo nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, na koti la mvua hata kama asubuhi anga ni bluu. Chukua soksi za akiba. Hizo soksi utanishukuru.

Nunua au azima ramani ya Ordnance Survey namba OL1. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, karatasi haikatiki. Kwenye ramani hiyo njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Pesa taslimu kidogo, chupa ya maji, chai ya thamosi, na chapati. Kupe wapo kwenye majani marefu wakati wa joto, basi jioni jikague miguu.

Msaada mlimani: piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, huja hata usiku wa manane.

Nne: kijiji chenyewe

Anza na kituo cha wageni kwenye maegesho ya magari. Kuna choo, ramani, jumba dogo la makumbusho, na wahudumu wanaojua pango gani limefungwa leo kwa mafuriko. Kisha zunguka. Nyumba ni za mawe ya kijivu na njia ni nyembamba, na kijito kinapita nyuma ya nyumba. Watu watakusalimu njiani, hasa ukishatoka penye maduka. Itikia. Mjini ukimsalimu usiyemjua anadhani una dai lake, huku ukinyamaza ndiyo unaonekana wa ajabu.

Juu ya kijiji kuna ngome ya Peveril. Ilianzishwa na William Peveril baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, na tayari imetajwa kwenye sensa kubwa ya mwaka 1086. Mnara wa mraba unaoonekana leo ulijengwa na Mfalme Henry wa Pili mwaka 1176. Kupanda ni kwa njia ya kona kona, dakika kumi za kuhema, na kuna kiingilio. Majira ya baridi huwa haifunguliwi kila siku. Nyuma yake kuna Cave Dale, bonde jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili, nalo ni la bure. Mvua ikinyesha mawe yake huteleza kama sabuni.

Tano: chagua pango moja, au mawili, si manne

Yapo manne ya kulipia, na mtu akijaribu yote kwa siku moja jioni hakumbuki lipi lilikuwa lipi. Ndani kote kuna baridi ile ile mwaka mzima, hivyo hata Julai uingie na sweta.

Peak Cavern liko kijijini kabisa, chini ya ngome. Jina lake la zamani, ambalo wenye pango wanalitumia tena kuvutia watu, linataja sehemu ya nyuma ya mwili wa Shetani. Linatokana na sauti zinazotoka ndani maji ya mafuriko yanapopungua, na mbele ya wakwe siwezi kulitamka. Malkia Victoria alipokuja walimfichia jina hilo. Mdomo wake ni mpana kiasi kwamba kwa karne nyingi wasokota kamba waliishi na kufanya kazi mle mle mlangoni, wakiwa na nyumba zao chini ya dari la mwamba. Tazama juu: moshi wa majiko yao bado umeacha weusi kwenye jiwe. Mwongozaji huwaonyesha wageni jinsi kamba ilivyosokotwa. Mtoto mmoja anazungusha mkono wa mashine, mwingine anashika ncha, nyuzi zinajikaza mpaka zinalia. Shangazi, aliyekulia kwenye kambi ya mkonge, alimsahihisha mtoto namna ya kushika, na mwongozaji akamwachia kazi.

Speedwell ni la mashua. Unashuka ngazi zaidi ya mia moja, unavaa kofia ngumu, unakaa kwenye mashua ndani ya mfereji mwembamba uliochimbwa karne ya 18 na watu waliotafuta madini ya risasi. Dari liko karibu na paji la uso. Zamani mashua zilisukumwa kwa kukanyaga kuta. Leo ni umeme. Asiyependa mahali pa kubana asiende, na mwenye magoti mabovu akumbuke kwamba ngazi zilezile ndizo za kurudia.

Treak Cliff na Blue John Cavern ndiyo ya kuona jiwe liitwalo Blue John, lenye mistari ya zambarau na njano, ambalo hupatikana kwenye kilima hiki tu. Wataalamu huliita fluoraiti. Fluoraiti ya kawaida imejaa duniani, yenye mistari hii ndiyo adimu. Dukani kijijini utakuta kipete kidogo kwa bei ya kukushtua. Kama ni zawadi, uliza wazi kama jiwe ni la hapa, maana kwenye kabati moja huwa wamepanga na mawe kutoka nchi nyingine. Kutoka barabarani hadi mlango wa Treak Cliff unapanda kwa miguu. Blue John Cavern lina ngazi zaidi ya mia mbili kushuka.

Ukiniuliza mimi: mwenye watoto, Peak Cavern. Mwenye kupenda mawe yaning'iniayo darini, Treak Cliff.

Sita: panda Mam Tor

Hii ndiyo nusu ya siku yenyewe. Mam Tor una mita 517, na mtu wa Lushoto atacheka kwa kuwa mji wake uko juu mara mbili na zaidi. Acha acheke. Upepo wa huku haujui mita.

Toka kijijini kuelekea magharibi hadi karibu na Speedwell. Kushoto ni korongo la Winnats, barabara nyembamba yenye mwinuko mkali kati ya kuta za mawe. Pana sura nzuri, ila kwa miguu unapishana na magari. Wewe shika kulia, barabara ya zamani. Utapita mlango wa Treak Cliff, kisha mgodi wa Odin, ambako kumebaki gurudumu la jiwe lililozungushwa na farasi kusaga mawe yenye madini. Baada ya hapo barabara inavunjika.

Simama hapo kwa muda. Lami imekatika vipande, kipande kimoja kimeshuka chini ya kingine kwa kimo cha mtu, na ubavuni unahesabu tabaka za lami moja juu ya nyingine kama mkate wa kumimina uliokatwa. Kila tabaka ni ukarabati mmoja. Mlima umejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyokaa juu ya tabaka laini za tope lililoganda. Maji yakiingia, upande mzima huteleza, na umekuwa ukiteleza kwa maelfu ya miaka. Wenyeji huuita mlima unaotetemeka. Barabara ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikatengenezwa na kutengenezwa, na mwaka 1979 wakuu wakakubali kushindwa, wakaifunga. Sijaona mahali pengine ambapo serikali imeacha makosa yake nje hivi watu wayakanyage.

Endelea juu, pita Blue John Cavern, fuata vibao hadi ngazi za mawe zinazopanda kileleni. Pale juu kulikuwa na ngome ya watu wa kale, na mitaro yake bado unaiona ikizunguka kilele. Siku ya upepo mzuri utawakuta vijana wakiruka na miavuli.

Geuka kaskazini. Bonde lililo chini ni Edale, na uwanda mweusi mkubwa ng'ambo ni Kinder Scout, mita 636. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji jirani waliupanda kwa makusudi, wakati ulikuwa umefungwa ili matajiri wawinde ndege. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikapita sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 2000 nyingine iliyowapa watu haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyanda nyingi za juu bila kufuata njia.

Njia ya mshale wa njano ni haki nyingine, ya zamani zaidi. Watu walipita hapo kwenda kanisani, sokoni na machimboni, na kupita kwao kukawa sheria. Shamba ni la mwenyewe, njia ni ya umma. Hulipi wala huombi, na hata wewe uliyefika juzi kwa viza ya wiki mbili inakuhusu. Mshale wa bluu ni wa farasi na baiskeli pia. Masharti ni machache: geti ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge. Usitoke kwenye njia ndani ya malisho. Mbwa afungwe kamba penye kondoo. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, zunguka kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Penye ukuta usio na geti tafuta ngazi ya mawe iliyochomoza ukutani, ndiyo ya kuvukia. Shangazi aliipanda akiwa na gauni refu na kanga kiunoni, mimi ndiye niliyeteleza.

Kutoka kileleni fuata mgongo wa mlima kuelekea mashariki hadi Hollins Cross, penye nguzo ya mawe. Zamani, kabla Edale hakujapata kanisa, maiti walibebwa kupitia hapa kwenda kuzikwa upande wa pili. Hapa unachagua. Kulia unarudi Castleton, na mzunguko mzima utakuwa kama saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kupiga soga. Kushoto unashuka Edale, ambako kuna stesheni kwenye reli ile ile, na pia ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya maili 268 hadi Scotland. Wenye nguvu huendelea hadi Lose Hill na kushukia Hope.

Saba: chakula na sala

Baa za kijijini si kama baa tulizozizoea. Familia huingia na watoto, watu hula, na ukiagiza chai hakuna anayekutazama. Agiza kaunta, taja namba ya meza. Jiko nyingi hufungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni, hivyo usifike saa tisa ukiwa na njaa. Nyama ya halali usiitegemee. Samaki na chipsi uliza kwanza wamekaanga kwa mafuta gani, maana maeneo haya wengi hutumia mafuta ya ng'ombe. Kiazi kizima cha kuoka na maharage kina salama yake.

Msikiti hakuna, tegemea ya Sheffield. Tia wudhu chooni kituo cha wageni kabla ya kupanda, beba mkeka mwepesi, na kibla kitafute kwa simu ukiwa bado na mtandao. Tumesali Hollins Cross nyuma ya ukuta wa mawe, upepo ukipeperusha kanga, na wapita njia waliinamisha kichwa wakaendelea na safari.

Kama una siku ya pili

Lala kijijini au Hope, na uweke nafasi mapema.

Ukiwa na gari, nenda mabwawa ya Derwent. Chini ya bwawa la Ladybower vimelala vijiji viwili, Derwent na Ashopton, vilivyohamishwa ili miji ipate maji. Mnara wa kanisa la Derwent uliachwa ukichungulia majini hadi ulipolipuliwa Desemba 1947. Kiangazi cha 2018 maji yalishuka, misingi ya nyumba ikaonekana. Bwawa la juu yake ndilo ambalo marubani wa kikosi namba 617 walilitumia mwaka 1943 kujifunza kuruka chini chini kabla ya kwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani.

Halafu Eyam. Mwaka 1665 fundi cherehani alipokea nguo kutoka London, na ndani mlikuwa na viroboto vya tauni. Kasisi William Mompesson aliwashawishi wanakijiji wasikimbie, wajifungie ndani ya mipaka yao ili ugonjwa usisambae. Watu 260 walikufa, akiwemo mke wake Catherine, ambaye kaburi lake liko uani kwa kanisa. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita kwa siku nane, peke yake, na makaburi yao bado yamezungushiwa ukuta mdogo shambani nje ya kijiji.

Kutoka katikati ya kijiji kuna njia ya miguu hadi jiwe la mpaka, mwendo wa kama robo saa. Limetobolewa vishimo sita. Watu wa nje waliacha chakula pale, na wanakijiji wakatia sarafu ndani ya vishimo vilivyojaa siki ili kuziua sumu. Kingo za vishimo zimelainika kwa vidole vya wageni, na mara nyingi utakuta mtu ametia senti. Kuna geti kabla ya kufika. Lifunge.